Ukifika Kamakis, zipite taa za rangi, fuata moshi

Jina Kamakis siku hizi ni mwaliko tosha. Msee akikutumia ujumbe, "Jumapili tupatane Kamakis", huulizi mnaenda kufanya nini. Mnaenda kula nyama. Swali linalobaki ni moja tu: mnaketi wapi? Na swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana.

Ukiwa kwenye Eastern Bypass upande wa Ruiru, kabla hujafika Thika Road, utaona Kamakis mbili zimekaa bega kwa bega. Ya kwanza inakuita kutoka mbali. Ina taa za zambarau, viti vya ngozi, skrini kubwa ya mpira, DJ aliyeanza kazi saa nane mchana, na ukuta uliopakwa rangi mahsusi ili upige picha ukiwa mbele yake. Ya pili haikuiti. Ina bucha mbele, jiko la makaa nyuma, meza za mbao zilizolainishwa na viwiko vya watu, na mtu mzima mmoja kwenye kaunta mwenye kalamu sikioni. Huyo ndiye mwenyewe.

Leo nataka nikupeleke kwenye hii ya pili.

Utaijuaje?

Usiangalie bango, angalia mlango. Hoteli ya kizamani ya Kamakis, na hapa nasema hoteli kwa ile maana yetu ya mahali pa kula, huanza na nyama yenyewe. Kabla hujaona kiti, umeona mbuzi kwenye ndoano nyuma ya kioo, mhuri wa mkaguzi wa nyama ukiwa pajani. Mezani kuna mizani, na kando yake gogo la kukatia ambalo katikati limebonyea kama sahani kwa sababu ya shoka la miaka mingi.

Angalia kuta. Utakuta kalenda ya duka la chakula cha mifugo, picha ya Rais, saa isiyokubaliana na simu yako, na karatasi inayokukumbusha kwamba mkopo ni kesho. Bei imeandikwa kwa chaki kwa sababu bei ya mbuzi hupanda na kushuka, na chaki hufutika. Teknolojia pekee ya karne hii ni namba ya M-Pesa iliyobandikwa kwenye kaunta.

Halafu sikiliza. Kama hamwezi kuongea bila kupigiana kelele, umeingia ile Kamakis nyingine, toka pole pole. Hapa redio ipo lakini iko jikoni, na mara nyingi inacheza nyimbo za Kikuyu ambazo mathe wako anazijua ubeti kwa ubeti. Sauti kubwa zaidi ni ya kisu kwenye ubao.

Dalili ya mwisho ni wateja. Tafuta mahali ambapo wazee wanne wameketi tangu saa sita, dereva wa lori anakula peke yake bila haraka, na familia imetoka kanisani na watoto wenye soksi nyeupe. Wazee hawaendi mahali kwa sababu ya picha. Wakirudi mara ya pili, kuna kitu wanakirudia.

Kila desturi pale ina kazi yake

Wengi tukisema mahali fulani "pana vibe ya kizamani" tunamaanisha rangi ya ukuta na vikombe vya bati. Ndiyo maana kuna migahawa mipya mjini inayonunua vikombe vya bati ili ionekane ya zamani. Lakini uzamani wa hoteli ya Kamakis si pambo. Ni utaratibu wa kufanya kazi, na kila hatua iliwekwa kwa sababu.

Chukua hatua ya kwanza. Hupewi menyu, unaitwa kwenye bucha. Unaonyesha kwa kidole: hapo kwenye mbavu, au huo mguu wa mbele. Muuza nyama anakata, anaweka kwenye mizani, nawe unasoma mshale. Kwa nini? Kwa sababu nyama ikishachomwa, ushahidi umeungua. Nyama mbichi hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wake kwenye makaa, maji na mafuta yakitoka. Kilo uliyoagiza haitakuwa kilo ikifika mezani, na mtu asiyejua hili atadhani ameibiwa. Kupima mbele yako kunakata huo ubishi kabla haujazaliwa.

Kumbuka mwaka 2019 jinsi nchi ilivyoshtuka NTV ilipoonyesha kwamba kuna nyama iliyokuwa ikitiwa kemikali ya sodiamu metabisalfaiti kwenye maduka makubwa ili ionekane freshi kwa siku nyingi. Wiki ile watu waligundua upya kitu ambacho guka zao walikijua: nyama ambayo imechinjwa, ikakaguliwa, ikatundikwa na kuisha siku hiyo hiyo haihitaji dawa. Bucha yenye ndoano tupu saa moja usiku inakueleza mengi kuliko friji iliyojaa.

Hatua ya pili ni kusubiri. Hapa ndipo vijana wengi tunapokosa subira. Choma ya kweli huchukua dakika arubaini na tano hadi saa nzima, wakati mwingine zaidi kama ni mguu mzima. Haina viungo vya kuificha. Ni nyama, maji ya chumvi, na makaa ambayo moto wake umeshatulia. Mchomaji akiharakisha, nje itaungua na ndani itabaki na damu. Ukimwona anahamisha vipande kutoka katikati ya jiko hadi pembeni na kurudi, mwache. Anasoma moto.

Wakati huo wa kusubiri ndio biashara nyingine zote zinapofanyika. Unaletewa supu ya mifupa kwenye kikombe, yenye pilipili na dhania. Unaenda kwa jamaa wa mutura aliyesimama kando ya jiko na ubao wake mdogo, anakukatia kipande huku unaongea. Watu wamepatana bei ya ploti wakila mutura. Mahari zimeanza kujadiliwa hapo kabla wazee hawajaketi rasmi. Hoteli ya haraka inakuuzia chakula. Hii inakuuzia chakula na ile saa iliyo kabla yake.

Hatua ya tatu ni kunawa. Mhudumu anakuja na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, au anakuelekeza kwenye mfereji. Uma hauji. Kisha nyama inafika ikiwa kwenye ubao, na mhudumu anaikata mbele yenu, tak tak tak, anamwaga chumvi kwenye pembe moja ya ubao, anaweka kachumbari na ugali, anaondoka. Ubao ni mmoja, nyinyi ni wanne. Hakuna sahani yangu na sahani yako. Ukila haraka wenzako wanaona, ukiacha kipande kizuri kwa mwenzako pia wanaona. Ukitaka kumjua mtu unayemkatia, mpeleke kwenye ubao mmoja wa mbuzi. Utajua kila kitu.

Ukongwe ndani ya mtaa mchanga

Sasa kitu cha kushangaza. Kamakis unayoijua huenda ni changa kuliko wewe unayesoma hapa.

Eneo hili lote lilikuwa nchi ya kahawa. Ruiru ndiko kituo cha utafiti wa kahawa kilikotoa ile aina inayoitwa Ruiru 11 mwaka 1985, mbegu inayostahimili magonjwa iliyopewa jina la mji wenyewe. Halafu mashamba yakaanza kukatwa ploti. Thika Road ikapanuliwa ikawa ile barabara kuu iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2012. Bypass ikaunganisha Mombasa Road na Ruiru bila mtu kulazimika kupita katikati ya Nairobi. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban watu 238,000 mjini Ruiru. Ya 2019 ikahesabu zaidi ya 490,000. Mji uliongezeka maradufu ndani ya miaka kumi, na watu wote hao walihitaji mahali pa kula Jumapili.

Kwa hivyo mtaa ni mpya. Lakini utaratibu wa bucha mbele na jiko nyuma ni mkongwe, na asili yake ina hadithi.

Nenda Nairobi, soko la Kariokor. Jina hilo ni masalio ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nenda soko la Burma, karibu na City Stadium. Jina lake linatokana na wanajeshi waliorudi kutoka vita vya Burma katika Vita vya Pili. Vita viwili, na majina mawili ambayo leo Mkenya akiyasikia hafikirii bunduki, anafikiria nyama. Ukitoka jijini kuelekea Nakuru kuna Kikopey, ambako madereva wa malori na wasafiri wamekuwa wakisimama kula mbuzi na kunyoosha miguu kwa miaka mingi.

Unaona mtindo? Nyama choma hufuata watu walio njiani: mpagazi, askari, dereva, na sasa wewe uliyetoka Roysambu kwa matatu. Bypass ilipofika Ruiru, desturi ilikuwa tayari. Ilihitaji tu barabara ya kukaa kando yake. Ndiyo maana mahali palipojengwa juzi panaweza kuonekana pa zamani sana. Ukuta ni mpya, lakini mkono unaogeuza nyama umefundishwa na mkono uliofundishwa na mwingine.

Vipi kuhusu ile ya 1908?

Kuna mtu atasema, kama unatafuta uzamani upande huu, si uendelee mbele na Thika Road hadi Blue Posts? Swali zuri.

Hoteli ya Blue Posts pale Thika ilianzishwa mwaka 1908. Iko katikati ya maporomoko mawili, ya mto Chania na ya mto Thika, na ilikuwa kituo cha walowezi Wazungu waliokuwa wakisafiri kutoka Nairobi kwenda mashamba ya ndani. Elspeth Huxley aliifanya Thika ijulikane duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu utoto wake huku, The Flame Trees of Thika, ambacho mwaka 1981 kilifanywa mfululizo wa televisheni Uingereza. Nenda uione. Bustani ni nzuri, maji yanaanguka kwa kishindo, na ukiwa na mtu unayempenda hautajuta.

Lakini uzamani wake na ule wa Kamakis haukutoka mlango mmoja. Katika enzi hiyo ya walowezi, Mwafrika aliyeingia kwenye hoteli kama hizo kwa kawaida alikuwa amebeba trei, si amekuja kuhudumiwa. Tunapousifu mtindo wa zamani, ni vizuri kuuliza zamani za nani. Pale Blue Posts leo unaketi mahali ambapo babu wa babu yako huenda hangekaribishwa kiti, na hilo nalo ni jambo la kufurahia ukiwa na soda mkononi. Kamakis hakuna anayekukumbusha hayo. Ubao, chumvi na jagi la maji havikuachwa na mtu. Ni vyetu tangu mwanzo.

Kinachoweza kupotea

Usidhani nakuuzia ndoto. Hoteli hizi zina kasoro, na nyingine ni kubwa. Vyoo mara nyingi ni vya kufumba macho. Moshi utabaki kwenye nguo zako hadi Jumanne. Siku ya mechi kubwa au mwisho wa mwezi utasubiri hadi njaa ikuondoke yenyewe. Na kuna wale vijana wanaokimbilia gari lako barabarani wakipunga mikono kila mmoja akuelekeze kwake. Hao ni shida ya mtaa mzima, na siku moja mtu atagongwa.

Lakini fikiria kinachoondoka hoteli ya aina hii ikifungwa.

Kwanza kazi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipozidi nguvu za nyumbani, na tangu hapo nimeingia ofisi nyingi ambako swali la kwanza ni cheti. Kwenye jiko la choma hakuna aliyewahi kuulizwa cheti. Unaanza kwa kuosha mbao na kumenya vitunguu. Unapandishwa kukata kachumbari, halafu ugali, halafu unasimama kando ya mchomaji ukimpa makaa. Siku ambayo hajafika, unapewa koleo. Huo ni mtaala kamili, ila hauna gwaride la kufuzu. Ile Kamakis ya taa za zambarau nayo inaajiri, tusiidhulumu, lakini inaajiri kwa sura na urefu, na wikendi zikipoa inakuambia utaitwa.

Pili, pesa inakokwenda. Mwenye hoteli akiwa ndiye aliye kwenye kaunta, mbuzi amenunuliwa kwa mtu anayemjua, sukumawiki imetoka kwa mama wa pale nyuma, makaa yameletwa na jamaa wa pikipiki, na watoto wake wanasoma shule ya hapo hapo. Pesa yako inazunguka mtaani mara tatu kabla haijalala.

Tatu, ardhi. Wengi wa hawa wenye hoteli hawamiliki ploti, wanakodi. Upanuzi wa Eastern Bypass kuwa barabara ya pande mbili ulipoanza mwaka 2021, thamani ya kila kilicho kando yake ilipanda pia. Mwenye ploti akijiwa na mwekezaji wa lounge aliye tayari kulipa kodi ya mwaka mzima mara moja, mzee wa bucha atashindana na nini? Na aliye kwenye hifadhi ya barabara hali yake ni mbaya zaidi, kwa sababu barabara yoyote inapopanuliwa, kibanda ndicho cha kwanza kuondoka. Jiko la choma halihamishiki kama kiti. Likivunjwa, wateja wanatawanyika, na wale wazee wanne hawatakufuata kwa Instagram.

Hatuna ushuru wa kuwalinda wala sheria inayosema bucha ya miaka ishirini ni turathi. Tulicho nacho ni uamuzi wetu wa Jumapili. KFC ilipofungua Nairobi mwaka 2011 wengi walidhani kizazi chetu kimeshaamua. Hakikuamua. Kila wikendi magari yanapangana Kamakis, na wengi walio ndani hawajafika miaka thelathini na tano. Hamu ipo. Kinachobaki ni kuipeleka mahali panapostahili.

Ukienda, fanya hivi

Ukitoka mjini, panda matatu za Thika Road, shuka Ruiru kwenye bypass, kisha chukua gari jingine au boda. Kama mnakunywa, acheni gari nyumbani. Hilo si la mjadala.

Nenda mapema. Saa sita au saa saba mchana nyama bado ni nyingi na mchomaji bado ana nafasi ya kukusikiliza. Mkiwa wanne, kilo moja na nusu na ugali mbili zinatosha, kwa sababu sasa unajua robo au zaidi itaisha kwenye moto. Kama mfuko umekauka, usione haya. Nusu kilo inapimwa kwa heshima ile ile, na tumbukiza, nyama iliyochemshwa na viazi, mboga na supu yake, inashibisha watu wengi kuliko choma ya bei hiyo.

Nenda mwenyewe kwenye mizani. Uliza nyama imeingia lini. Muuzaji mzuri hakasiriki, anakuonyesha mhuri. Usiombe sosi ya nyanya kabla hujaonja na chumvi. Usimharakishe mchomaji. Lipa kaunta, na ukimaliza umwambie mwenyewe kama ilikuwa tamu au ilikuwa ngumu. Yeye hana sanduku la maoni wala nyota tano mtandaoni. Maoni ni yako, na yuko pale kuyapokea.

Jambo la mwisho: rudi. Mara ya kwanza wewe ni mgeni. Mara ya pili wewe ni customer. Mara ya tatu unaingia tu na muuza nyama, bila kuuliza, ananyoosha kisu kwenye kile kipande ulichokipenda na kukuangalia usoni kama anasema, "Ya kawaida?" Hakuna lounge itakayokuuzia hicho, hata uwe na pesa kiasi gani.